Miti Ipimwe, Isikadiriwe kwa Macho

Mwaka 2016 ulimwengu ulitangaziwa kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa barani Afrika umo Tanzania, katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro. Ni mkukusu wenye urefu wa meta 81.5. Andreas Hemp, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, alikuwa ameiona miti hiyo miaka ipatayo 20 kabla, lakini ni vyombo vya leza vilivyomwezesha yeye na wenzake kuipima kati ya mwaka 2012 na 2016.

Hapana shaka wananchi wa Kilimanjaro waliifahamu mikukusu kabla ya mgeni yeyote. Hata hivyo, kukifahamu kitu si sawa na kukipima. Mti usioandikwa popote, mwenye msumeno huuangusha asiulizwe. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Chombo chenyewe hushikwa mkononi mithili ya darubini. Hutoa nuru ya leza ambayo hugonga mti na kurudi. Na kwa kuwa nuru huenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, muda wa safari hiyo hudhihirisha umbali. Ndani yake mna pia kipima pembe. Mpimaji akilenga shina, kilele na tako la mti, urefu hupatikana kwa hesabu ya pembetatu, hesabu ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari.

Lakini chombo hakichukui nafasi ya akili. Katika msitu mnene majani huizuia nuru, hivyo yapasa kutafuta upenyo. Tena, mpimaji aliye meta 30 kutoka kwenye shina, akilenga kwa pembe ya nyuzi 45 tawi lililomsogelea kwa meta 5, atakuwa ameliandikia tawi hilo meta 5 zisizokuwapo. Dawa yake ni kupima kwa leza umbali wa kufikia kilele chenyewe, si shina peke yake. Ndiyo maana mafunzo hayana budi kutangulia ununuzi.

Jambo hili si la wataalamu wa Kilimanjaro tu. Huko Njombe na Mufindi wakulima hupanda misindano na mikaratusi, na wengi huiuza ingali imesimama. Mnunuzi hupita shambani, hutazama, kisha hutaja bei. Ujazo wa mbao hutegemea unene na urefu wa mti. Unene mkulima aweza kuupima kwa utepe. Urefu huachiwa jicho la mnunuzi, na jicho hilo ni nadra kukosea kwa faida ya muuzaji. Huo ni unyonyaji, hata kama unafanyika kwa maneno ya upole.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji haki ya kumiliki na kusimamia misitu yao. Haki hiyo haikamiliki iwapo kijiji hakijui kilicho nacho. Yafaa basi chombo kilichoko wilayani kisifungiwe kabatini, bali kizungushwe vijijini kwa zamu inayojulikana, na vipimo visomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wapo watakaosema kwamba chombo ni ghali. Gharama yake yapasa ilinganishwe na hasara ya wakulima wanaouza kwa kukisia, mwaka baada ya mwaka.

Walimu nao wasingoje leza. Mwanafunzi ashike wima kijiti ambacho sehemu yake iliyo juu ya kiganja ni sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kiganjani, kisha arudi nyuma mpaka kijiti kiufunike mti tangu tako hadi kilele. Umbali wake kutoka kwenye mti utakaribia urefu wa mti huo. Mtoto aliyejifunza hivyo hatapunjwa kwa urahisi atakapokuwa mkulima.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja watu na ardhi miongoni mwa mambo manne yanayohitajika kwa maendeleo. Ardhi imekwisha kuotesha miti. Kuipima ni kazi ya watu.