Ng'ambo Zote Mbili

Hakuna maneno yanayompendeza mwenye madaraka kuliko haya: "Hayo hayakuhusu." Mjini Tabora maneno hayo humwangukia mtu wa aina moja, anayejulikana katika kila kijiwe cha kahawa. Pengine ni fundi cherehani, pengine mwalimu mstaafu au mfanyakazi wa zamani wa reli. Jioni ikiingia, huyachambua mambo ya Uingereza kana kwamba Bunge la Westminster limejengwa nyuma ya soko kuu. Ataeleza kwa nini Liz Truss, mwaka 2022, alikaa madarakani siku 49 tu. Atawataja mawaziri wakuu wote, tangu David Cameron aliyeitisha kura ya maoni ya Juni 2016 hadi Keir Starmer aliyeingia Julai 2024. Na hapo ndipo hutokea mwenye kumkata kauli: "Mtaro wa mlangoni pako umeziba, wewe unazungumza London?" Wote hucheka, na mazungumzo huishia hapo.

Kicheko hicho kinastahili kujibiwa. Wanaokicheka ni wengi, wakiwamo wasomi wa Pwani na Visiwani, nacho kimebeba makosa mawili: moja la historia na moja la siasa.

Kwanza historia. Tabora haijapata hata siku moja kuwa mji usiohusiana na maamuzi ya mbali. Ulizaliwa juu ya njia. Misafara iliyoondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo kwa kulipa hongo, ilifika Unyanyembe na hapo ikagawanyika: hii kwenda Ujiji na Manyema, ile kwenda Karagwe na Buganda. Pembe zilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi, lakini bei yake ilikatwa Unguja, na mtaji wa safari ulitoka kwa matajiri wa Kihindi waliokaa karibu na forodha ya Sultani. Watu wa Visiwani bado husimulia kwa fahari kwamba zumari likipulizwa Unguja, hucheza walio maziwani. Katika fahari hiyo hatajwi mchezaji, ambaye hakuulizwa kama wimbo anaupenda.

Baada ya Unguja, zumari lilishikwa na Berlin. Askari wake waliivunja ngome ya Mtemi Isike mwaka 1893, naye akaona heri kufa kuliko kukamatwa. Septemba 1916 Wabelgiji kutoka Kongo waliiteka Tabora. Kisha vita vilipokwisha zumari likakabidhiwa London. Mji wenye historia kama hiyo ukikatazwa kusema juu ya London, umekatazwa kusema juu yake wenyewe.

Tuchukue mambo ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya chama cha Labour, chini ya Clement Attlee, iliamua kulima karanga Tanganyika kwa sababu Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Waraka wa serikali ulitaja zaidi ya ekari milioni tatu. Maeneo matatu yalichaguliwa Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo, huko huko magharibi ya Tabora ulikokuwa mji wa Mirambo. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, yaliharibika juu ya visiki na mizizi. Kongwa mvua zilikuwa haba, na wakati wa kiangazi udongo uligeuka mgumu kama saruji, jambo ambalo Mgogo yeyote angelieleza bure lau angeliulizwa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikaandikwa hasara.

Linalohusu hoja hii ni yaliyotokea baadaye. Mjini London, Waziri wa Chakula John Strachey alibanwa kwa maswali bungeni. Wapinzani walitaka ajiuzulu. Hesabu zilichapishwa, magazeti yakazichambua. Mlipa kodi wa Kiingereza aliijua hasara yake kwa pauni na shilingi. Mkazi wa Urambo, ambaye msitu wake ndio uliong'olewa, hakuwa na mbunge wa kumwulizia hata swali moja katika Bunge hilo. Urambo baadaye iligeuzwa nchi ya tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku yakaendelea kuila miombo iliyosazwa na matrekta. Je, mjukuu wa mtu huyo akizungumza habari za chama cha Labour, anazungumza ya watu au yake?

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, nao unapaswa kuwatia haya wanaocheka. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kulijadili swali moja, na swali hilo lilikuwa la siasa za Uingereza. Wakoloni walikuwa wameweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Wajumbe wengi walikuja wameshika msimamo wa kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere, aliyekuwa amesoma na kufundisha katika mji huo huo, aliwaomba waupime mlango kabla ya kuukataa: je, hatupiti, au hatutaki tu kuinama? Mjadala ulikuwa mkali, na mwisho iliamuliwa kuingia. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alijitoa na kuunda chama chake. Katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walishinda. Uamuzi ule ukabaki na jina la Uamuzi wa Busara.

Busara ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mazoea ya watu kuzijadili sheria za mtawala kwa lugha yao wenyewe, vibarazani na mashuleni, katika karakana za reli na mbele ya redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa imeanza Juni 1957, miezi saba tu kabla ya mkutano. Wangeliambiwa wakati ule kwamba ya Waingereza waachiwe Waingereza, na wakakubali, kura tatu zingelipigwa bila wao na Baraza la Kutunga Sheria lingelijazwa na wengine.

Msomaji atasema: hayo yalikuwa ya ukoloni, na ukoloni umekwisha. Basi na alitazame suala la wakimbizi. Aprili 2022 serikali ya Uingereza ilitia saini na Rwanda mkataba wa kuwapeleka Kigali watu waliofika Uingereza kuomba hifadhi. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya London iliutamka mpango huo kuwa kinyume cha sheria. Na Julai 2024 serikali mpya iliufuta, ikasema kwamba pauni milioni 700 zimekwisha kutumika. Waliokuwa wamekwenda Rwanda walikuwa watu wanne, nao kwa hiari yao.

Mkoa wa Tabora una makazi yaitwayo Ulyankulu. Yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa, wakazikana. Serikali ya Tanzania iliahidi kuwapa uraia wa nchi, ikasitasita, kisha mwaka 2014 ikatimiza kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, wa Ulyankulu na wa makazi ya jirani. Tanzania si malaika katika habari za wakimbizi, na kusitasita kule kuliwaumiza watu. Lakini mkazi wa Tabora aliyesoma darasa moja na mtoto wa Ulyankulu ana elimu ambayo mawaziri kadhaa wa London walitumia mamilioni wasiipate. Anaposema kwamba mkimbizi ni mtu na si mzigo wa kusafirishwa, hadandii mazungumzo ya wakubwa. Anatoa ushahidi.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, la siasa. Anayemwambia mkazi huyu ashughulikie mtaro wake hujifanya mtetezi wa mtaro. Basi na ajaribiwe. Mkazi na aiache London, aende akaulize habari za mtaro. Mvua za Tabora huanza Novemba. Mtaro umejaa mchanga na mifuko. Maji yakikosa njia huingia uani na kuzilainisha nyumba za matofali mabichi. Aulize: ushuru wa taka uliokusanywa nyumba kwa nyumba umekwenda wapi? Mkandarasi alilipwa kiasi gani, na nani alikagua kazi yake? Jawabu atakalolipata linajulikana: hilo liko juu ya uwezo wa ofisi hii, subiri bajeti, hayo ni mambo ya kitaalamu. Ndipo itakapodhihiri kwamba mtaro nao haumhusu. London ilikuwa mbali mno kwake, na mtaro ni wa kitaalamu mno kwake. Kilichobaki kumhusu ni ufagio.

Swali la mtaro na swali la karanga ni swali moja: fedha ya watu imefanya nini, na nani atajibu? Aliyejifunza kuliuliza juu ya Strachey hatashindwa kuliuliza juu ya mkandarasi. Aliyefundishwa kulinyamazia la mbali atalinyamazia na la karibu, kwani ulimi ni mmoja. Tena ya mbali na ya karibu yameingiliana kuliko watu wanavyodhani. Maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Tabora kwa bomba katika miaka ya karibuni, yalifikishwa kwa mkopo wa serikali ya India. Anayekinga ndoo yake Isevya au Cheyo anakinga pia mkataba uliotiwa saini mbali na macho yake, nao utalipwa na wanawe.

Mgala muue na haki umpe. Mkazi huyu wa Tabora naye ana lawama yake, na si ndogo. Anajua kwamba Truss aliangushwa kwa sababu alipunguza kodi bila kuonyesha fedha ya kuziba pengo. Lakini mapato na matumizi ya mtaa wake yasiposomwa, yeye huguna kijiweni na kurudi nyumbani. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, hukumbuka ana shughuli. Fikra zake ni kali pale zisipoweza kumgharimu kitu. Ni kweli kwamba ana sababu za kukata tamaa: mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilisusia uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, na malalamiko kama hayo yalisikika tena katika uchaguzi wa Novemba 2024. Lakini kuingia au kususia ndilo swali lililojadiliwa katika mji wake mwaka 1958, na waliolijadili hawakulijibu kwa kuguna. Waliokubali na waliokataa, wote walisimama wakasema mbele ya wenzao, na kila mmoja akabeba matokeo ya alilolisema.

Na Visiwani je? Mshairi wa Unguja akiandika beti kumi juu ya Baghdad au Gaza, watu huziita fikra, na hupewa ukurasa. Fundi wa Tabora akisema maneno ya uzito ule ule juu ya London, huitwa domo. Tofauti iko katika mji wa msemaji, wala haimo katika maneno. Ni mabaki ya fahari ile ile ya zumari: kudhani kwamba Pwani hufikiri na Bara hubeba. Njia ya misafara ilipitisha pembe kuja huku na nguo kwenda kule. Kiswahili nacho kilikwenda kwa miguu ya wapagazi hao hao, kikafika Ujiji na Manyema kabla ya shule ya mkoloni. Lugha waliyoibeba ni yao, na wana haki ya kuisemea lolote. Majarida yanayodai kuihudumia lugha hii yanadaiwa kurasa na watu wa njia ile.

Mjini Tabora iko kata iitwayo Ng'ambo, kama ulivyo mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, ng'ambo ya mkondo uliofukiwa. Na kwa Mswahili neno hilo hilo ni nchi zilizo upande wa pili wa bahari. Lugha haikuona haja ya kutenga maneno mawili, moja la upande wa pili wa mtaro na jingine la upande wa pili wa dunia. Hata neno siasa, kabla ya kufungiwa mabungeni, maana yake ilikuwa upole na utaratibu wa kuliendesha jambo, liwe kubwa au dogo.

Basi kijiwe kisinyamazishwe. Inayopaswa kusemeshwa ni ofisi. Mapato na matumizi ya mtaa yasomwe hadharani, maswali yajibiwe kwa tarakimu, na mkutano ukiitishwa mchambuzi wa Westminster awe wa kwanza kufika. Mtaro uzibuliwe kabla ya Novemba. Na wanaouzibua, wakiinua migongo kupumzika, waachwe waseme wanavyoiona London.