Vitufe Ishirini, Mshororo Hakuna

Kila ukurasa mpya wa fasihi ya Kiswahili unaozinduliwa mtandaoni siku hizi unakuja na mbwembwe ileile: kisanduku cha kuandikia chenye safu ya vitufe kama dashibodi ya ndege. Herufi nene, herufi za mlazo, herufi za rangi, jedwali, vikatuni vya kucheka na kulia. Fundi anakionyesha kwa fahari, eti mwandishi ataandika humohumo kama yuko kwenye Word. Watu wanapiga makofi. Kisha mshairi wa kwanza anabandika shairi lake, na shairi linakufa.

Sitii chumvi. Chukua tarbia ya kawaida kabisa: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, mizani nane kwa nane. Katika vingi vya visanduku hivi, ukibonyeza Enter hupati mstari mpya, unapata aya mpya, na aya mpya inakuja na uwazi wake juu na chini. Kwa hiyo mishororo minne inageuka aya nne zilizotengana. Beti tano zinakuwa vijiaya ishirini vinavyoelea, na msomaji hajui ubeti umeanzia wapi na kibwagizo kiko wapi. Dawa ipo, wanasema: shikilia Shift ndipo ubonyeze Enter. Haya, shikilia Shift kwenye simu tuone. Na yule anayetenga ukwapi na utao kwa nafasi badala ya mkato, pole yake. Kivinjari kikikuta nafasi sita zimefuatana, bila maelekezo maalumu, kinazifinya kuwa moja.

Wa mashairi huru ndiyo kabisa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipotetea ushairi usiofungwa na vina, sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya mstari: nani anaamua ukatike wapi, na kwa nini. Kithaka wa Mberia wa Kenya akaenda mbali zaidi, akayapanga maneno ukurasani hadi umbo lenyewe likawa sehemu ya maana. Wanamapokeo na wanamabadiliko wamerushiana maneno tangu miaka ya 1970. Leo kisanduku kimewapatanisha kwa kuwaumiza wote.

Tusimsingizie shetani. Mwaka 2000 Microsoft iliingiza kwenye Internet Explorer 5.5 uwezo wa kuifanya sehemu ya ukurasa wa wavuti ihaririwe palepale. Miaka michache baadaye zikafuata zana kama FCKeditor, ambayo leo ni CKEditor, na TinyMCE. Zilibuniwa zikiwa na mfano mmoja kichwani: barua ya ofisi. Kichwa cha habari, aya, orodha, saini. Kwa kazi hiyo ni zana nzuri, na zinakubali kurekebishwa. Unaweza kuziamuru Enter iwe mstari na si aya. Unaweza kung'oa vitufe vyote usivyovihitaji. WordPress ina hata kipengele maalumu cha ushairi kinachotunza mistari na nafasi kama mwandishi alivyoziweka. Wahariri wangapi wa kurasa zetu wamewahi kuwaonyesha washairi wao kipengele hicho? Kosa si la waliotengeneza. Ni letu sisi tunaochukua kitu kama kilivyotoka kwenye boksi, tunakipachika, halafu tunatangaza kwamba tumeipeleka fasihi kwenye dijitali.

Wanaodhani shida hii ni ya washairi peke yao waitazame ng'. Katika Kiswahili ule mkato wa juu si alama ya kunukuu, ni sehemu ya herufi. Lakini programu nyingi za kuandikia, zikidhani unafungua nukuu, zinaupinda kuelekea huku au kule. Mwandishi mmoja anapata ng'ombe mwenye mkato ulionyooka, wa pili anapata ng’ombe mwenye mkato uliopinda. Kwa macho ni mnyama yuleyule. Kwa mashine nyingi za kutafutia ni wanyama wawili, na ukimtafuta mmoja humpati mwenzake. Mbaya zaidi ni pale seva inapougeuza mkato kuwa msimbo. Katika chumba kimoja cha habari nilikopita, vichwa vya habari vilikuwa vikitoka “ng&#039;ombe” mbele ya wasomaji, na tulipolalamika tulijibiwa kwamba ni jambo dogo. Jambo dogo! Hebu kiandike hivyo kichwa cha habari cha Kiingereza uone kama fundi atalala usiku huo.

Sasa tuje nyumbani. Kijana wa Kamachumu au Nshamba anayeandika hadithi usiku anaandika kwenye simu, kwa bando alilolihesabu. Anapofungua ukurasa wako, kabla hajaandika herufi moja, simu yake inapakua msimbo wa vitufe ambavyo hatavigusa maisha yake yote. Kibodi imeshakula nusu ya kioo, upau wa vitufe unakula kilichobaki, na anabakiwa na mistari mitatu ya kuchungulia. Mtandao ukikatika akiwa ameshabonyeza “Tuma”, ukurasa ambao haukupangwa kuhifadhi rasimu ndani ya simu unaondoka na hadithi yote. Nani ana moyo wa kuiandika mara ya pili?

Na mkoa huu una deni la kuandikwa. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, mwaka 1986 alikamilisha pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamivu kuhusu tendi za enanga za Bahaya. Tendi kama Rukiza zinaimbwa, na mstari wake unafuata pumzi ya manju na mlio wa nyuzi. Akijitokeza mjukuu wa kuzinukuu kutoka kwenye kanda, anahitaji mambo mawili tu: mstari ukae alipouweka, na Kihaya kisimame ubavuni mwa tafsiri ya Kiswahili. Kisanduku kinampa rangi kumi na sita za herufi. Hilo la pili anaambiwa atumie jedwali, ambalo kwenye kioo cha simu linabanana hadi mistari inapasuka katikati.

Najua jibu mtakalonipa. Mtasema bila vitufe ukurasa unaonekana wa kimaskini, na kwamba waandishi wetu si mafundi, hawawezi kujifunza alama. Wawe mafundi wa nini tena? Hawa ndio wale wanaoandika kwenye WhatsApp kutwa nzima. Wanajua kwamba *neno* likizungukwa na nyota linanenepa, na _neno_ likiwa kati ya mistari ya chini linalala. Mama wa kikoba anajua. Katibu wa msiba anajua, ndiyo maana jina la marehemu huja limenenepa. Watu wameshajifunza, sisi ndio hatujawasikiliza. Kisanduku kitupu kinachoelewa alama hizohizo, kwa maana zilezile za WhatsApp, kingekuwa chepesi na kingeeleweka siku ya kwanza.

Ukiona lazima vitufe viwepo, weka vitano: nene, mlazo, nukuu, kiungo, na kimoja kilichoandikwa USHAIRI. Mwenye kibanja haingizi trekta katikati ya migomba eti kwa sababu trekta ni la kisasa. Anaingia na jembe, kwa sababu anajua mizizi imepita wapi.

Kwa hiyo mhariri, kabla hujazindua ukurasa mwingine, ufanyie mtihani huu kwa simu ya bei ndogo. Bandika tarbia ya beti tatu. Andika ng'ombe, ng'ambo na king'ora kwenye kichwa cha habari. Bandika ukurasa mzima kutoka Word, uone kama unakuja na takataka za Word. Andika aya mbili, zima data, funga simu, ifungue tena. Mishororo ikiwa imesimama, ng' ikiwa imebaki ng', aya zako mbili zikiwa bado zipo, zindua, tutakuja kusherehekea. La sivyo, muite fundi arudi, na safari hii akae meza moja na mshairi kabla hajagusa kibodi.