Gari la Kichina kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza

Kampuni za magari za China hazilingani, na jibu la swali la ipi ya kuaminika huanzia hapo. Chery ilianzishwa mjini Wuhu mwaka 1997. Geely iliinunua Volvo kutoka kwa Ford mwaka 2010. Great Wall ndiyo yenye chapa ya Haval. Hizi zimeuza nje kwa miaka mingi, na makosa yao ya mwanzo yameshaonekana na kurekebishwa. Kando yao zimeibuka nyingine zilizoanza kwa kishindo zikaporomoka: HiPhi ilisimamisha uzalishaji mapema mwaka 2024, na wenye magari yake wakabaki wakihangaikia matengenezo na programu. Mwenye akiba ya gari moja tu hapaswi kuwa mtu wa kufanyiwa majaribio.

Sifa mbaya ya zamani ya magari ya Kichina haikuzushwa. Mwaka 2005, Landwind iligongeshwa katika majaribio ya Ujerumani, na sehemu ya dereva ikabondeka vibaya mno. Mwaka 2022, BYD Atto 3, nayo ya Kichina, ilipata nyota tano za Euro NCAP, majaribio ya usalama ya Ulaya. Hatua hiyo ni kubwa, ila nyota hupima usalama. Hazisemi gari litadumu miaka mingapi kwenye barabara ya vumbi.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi, uzito uko kwenye vipuri. Taa ya Toyota ikivunjika, asubuhi hiyohiyo inapatikana Kariakoo au Kirinyaga Road, mpya au ya mtumba. Ya gari geni huenda ikasubiri meli. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia bei ya gari, aende kwa wakala aulize bei ya taa ya mbele, bampa, shokapu na pedi za breki, na aoneshwe zilizopo stoo. Wakala mwenye katalogi tupu hana cha kumuuzia.

Kuagiza mwenyewe kutoka China kunavutia kwa bei, lakini magari ya soko la huko yana usukani wa kushoto, wakati Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, panapofaa usukani wa kulia. Skrini nayo huja kwa Kichina, na wakala wa hapa anaweza kukataa dhamana ya gari ambalo hakuliuza yeye.

Umeme ni suala jingine. BYD iliacha kutengeneza magari ya petroli pekee Machi 2022, na betri zake za fosfati ya chuma hustahimili joto vizuri. Asiye na pa kuchajia nyumbani aliache gari la umeme kwa sasa.

Kati ya magari mawili yanayokaribiana bei, achukue lile ambalo wakala wake ana gereji na vipuri katika mji anaoishi. Pasipo na wakala wa namna hiyo, Toyota iliyotumika bado ni ununuzi bora.