Kamusi elezo ya watu wote ni amana ya nani?

Imekuwa ni desturi siku hizi, maskulini na maafisini, kwamba mtu akitaka kujua jambo haendi tena maktaba. Hutoa simu mfukoni, na aghlabu jawabu linalomjia mwanzo hutoka Wikipedia, kamusi elezo ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuiandika na kuisahihisha. Tumewahi kuishika mikononi taarifa ya afisi moja ya umma ambayo kurasa zake mbili zilinakiliwa humo neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Mwandishi wake alipoulizwa habari hizo amezipata wapi, alijibu kwamba zimo mtandaoni. Jawabu hilo halitoshi.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ni ya kubezwa. Mwezi wa Desemba 2005 jarida la sayansi la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za Wikipedia na 42 za Encyclopaedia Britannica, bila ya kuwaambia zipi ni za nani. Wikipedia ilikutwa na makosa kiasi cha manne kwa kila makala, na Britannica kiasi cha matatu. Wenye Britannica waliipinga hesabu hiyo mwaka uliofuata, lakini hata wao hawakuweza kudai kwamba hawana makosa.

Hata hivyo, hizo zilikuwa makala za sayansi kwa Kiingereza, zinazopitiwa na macho mengi. Penye macho machache mambo huwa mengine. Mwaka 2020 iligundulikana kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti iliandikwa na kijana mmoja wa Kimarekani asiyeijua lugha hiyo, na miaka ilipita pasi na mtu kumzuia.

Na sisi je? Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano ya kuandika makala baina ya wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi za kompyuta na simu. Makala ziliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Leo makala zimepita 80,000, lakini nyingi ni za mistari michache, na wanaozilinda kila siku ni wachache mno. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sisi wenyewe Kiunguja tumekuwa wasomaji tu.

Matokeo yake yanaonekana. Anayetafuta Malindi hupelekwa Kenya, kwenye mji wa Vasco da Gama. Mtaa wetu wenye bandari na msikiti wa mnara wa pia hauna budi kungoja nyuma. Hilo ni dogo. Kubwa ni vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga mizinga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash. Dunia nzima inavijua kwa ufupi wake: dakika 38, wengine husema 45, na watu hucheka. Kwamba Wazanzibari kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa katika dakika hizo, hilo huja baadaye, katika mstari ambao msomaji mwenye haraka haufikii. Hakuna aliyesema uwongo hapo. Aliyeandika mwanzo ndiye aliyechagua kipi kitangulie.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya skuli tulifundishwa kuuliza isnadi: nani kapokea kwa nani, na mpokezi huyo ni mtu wa namna gani. Wikipedia nayo ina kitu cha kufanana na hicho. Kila ukurasa una historia yake, inayoonesha kila badiliko na siku yake, na chini huwekwa marejeo. Tofauti ni kwamba wapokezi wengi hutumia majina ya kujificha. Afisa anayenakili bila ya kufungua historia hiyo wala kuyasoma marejeo hana udhuru.

Lakini serikali nayo ina deni. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Atakayeikuta tarakimu ya zamani ataitumia, ikiwa mpya imefungiwa katika kabati. Idara zichapishe takwimu zao mahali pa wazi na kwa Kiswahili. Nyaraka zilizoko Kilimani zifunguliwe njia ya kuwafikia wasioweza kwenda huko, na Chuo Kikuu cha Taifa kiihesabu makala moja iliyothibitishwa kuwa ni kazi ya mwanafunzi yenye alama.

Wazee waliofanya kazi bandarini Malindi zama za majahazi wengi hawatoki tena majumbani. Wajukuu wao wenye simu wanaishi nao nyumba moja.