MASTAA WA VIDEO, ACHENI KUUA GEMU ZA ZAMANI!

Jamani wadau, hii sasa imezidi. Kuna hawa mastaa wa video huko Marekani, majina kapuni. Wananunua mashine ya Pac-Man ya 1980, wakikuta skrini ina mstari mmoja tu unaong'aa katikati, fasta wanang'oa ile skrini ya chogo na kupachika flati. Eti "imekufa".

Imekufa wapi? Huo mstari ndo ushahidi kwamba tyubu ingali hai! Kilichogoma ni saketi ya kutanua picha juu na chini. Fundi anaanza na kapasita zilizokauka na solda zilizopasuka, vitu vya bei chee. Skrini ikiwa giza totoro, anacheki fyuzi kwanza.

Kibaya zaidi, wanaingiza mikono humo mbele ya kamera, kisa wamechomoa plagi. Tyubu inaweza kubaki na maelfu ya volti hata ikiwa imezimwa! Madogo wakiiga, nani atawajibika?

Viwanda vilishaachana na tyubu hizo. Kila moja mnayotupa ndo imeenda. Hujui? Mwite fundi, laiki zisikutoe akili.

Wadau, mnasemaje?