Gobori la Uriri: asili liuzwe, nakala itundikwe?

Nilikwenda Uriri, kaunti ya Migori, kumpa pole shemeji yangu aliyefiwa na babake. Dada yetu ameolewa kule Kanyamkago, kwa hivyo hatukuwa wageni. Siku ya tatu, baada ya chai, wakatoa bunduki ya marehemu: gobori la gumegume, refu kunifika kifuani, kitako kimefungwa waya. Dalali kutoka mjini anataka kulichukua kwa shilingi 40,000, na juu yake alete nakala mpya inayong'aa itundikwe ukutani pale pale. Wajukuu, asema, hawatajua tofauti.

Kaka mkubwa alikuwa tayari kuuza. Ana karo ya watoto wawili, na simlaumu. Mdogo wake hataki hata kulisikia jambo hilo.

Nikaomba niliangalie. Kwenye mtambo pamegongwa neno TOWER. Shemeji akasema, "Hii ni ya Waingereza." Lakini kwenye kasiba kuna herufi ELG ndani ya duara la yai, nayo ni alama ya Liège, Ubelgiji. Mafundi wa Liège walikuwa wakigonga jina la TOWER kwenye bunduki za biashara kwa sababu wanunuzi walilizoea na kuliamini. Kumbe hii tunayoiita asili nayo ilianza maisha ikiiga nyingine! Wazee walicheka sana.

Alama hiyo ina faida, lakini. Mwaka 1893 Liège waliongeza taji juu ya duara. Hili la Uriri halina taji, kwa hivyo lilipimwa kabla ya hapo. Sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kifaa kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya 1895, na hakitoki nchini bila kibali. Alama yasema lilipimwa lini. Haisemi liliingia lini. Ushahidi wa kuingia ni masimulizi ya ukoo, kwamba babu wa marehemu alilipata kwa mfanyabiashara wa pwani. Masimulizi hayo yako nyumbani kwao. Gobori likishapanda gari la dalali, linabaki chuma na mti.

Na masimulizi yenyewe yanaingia akilini. Misafara ya watu wetu ilifika hadi Mumias. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa magobori ya gumegume yasiyo na mifuo ndani ya kasiba. Ulaya ikapata pa kupeleka mali iliyopitwa na wakati. Sisi wa pwani tusijifanye watazamaji katika habari hii: njia zilizopeleka bunduki bara ndizo zilizoteremsha pembe, na watumwa. Basi gobori la Uriri ni letu pia, kwa uzuri na kwa ubaya.

Madalali tunawajua. Mwaka 1985 vigango viwili vya mzee Kalume Mwakiru viliibwa, vikaja kuonekana kwenye makumbusho Marekani. Kurudi kulichukua zaidi ya miaka 20, na viliweza kutambuliwa kwa sababu kulikuwa na picha yake amesimama navyo. Marehemu wa Uriri hana picha na bunduki yake. Hilo la kwanza niliwaambia: pigeni picha leo, ya alama na ya waya ule, na mwandikeni mzee wa ukoo anachokumbuka angali hai.

Kuhusu nakala, sina ugomvi nayo. Watoto wana haki ya kushika kitu. Lakini nakala nyingi za viwandani zinaweza kufyatua risasi kama za zamani, na hiyo ni silaha kamili. Zipo za India zinazouzwa bila tundu la baruti kutobolewa, na anayetaka hulitoboa mwenyewe. Bora ichongwe ya mti mtupu; mafundi wa Lamu wanachonga mambo magumu kuliko hayo. Hata hivyo, ikitumika kumtisha mtu, sheria ya silaha inaitambua na bandia.

Kisha kuna jambo lililotutoa jasho. Kijana alitia mdeki kwenye kasiba kupima urefu, ukagota karibu shibiri kabla ya mwisho. Huenda ni kutu. Huenda limeshindiliwa tangu enzi za babu, na baruti nyeusi ikikaa kavu haizeeki. Watoto walikuwa wakilichezea chini ya kitanda miaka yote hiyo! Tuliliweka chini, mdomo ukielekea ukutani, na hakuna aliyeligusa tena. Nikawasihi wapige simu polisi na Makumbusho ya Taifa waje wao. Lisipande basi.

Katiba imezipa kaunti makumbusho yake. Migori ina Thimlich Ohinga, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018. Kaunti ingeweza kulipokea gobori kwa mkopo wa maandishi, jina la ukoo libaki juu yake, na kulipia ile nakala ya mti. Karo haitalipwa kwa njia hiyo, na kaka mkubwa aliniambia hivyo waziwazi. Sikuwa na jibu la kumpa. Kikao cha familia ni Jumamosi, na dalali ameshapiga simu mara mbili.