Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Mlipaji

Ukitaka kujua nani hulipa chombo kinapoharibika mikononi mwa fundi, usimuulize fundi, wala usimuulize mwenye chombo. Hao wawili watakuwa bado wanabishana. Waulize mabaharia. Wao huanza kulipa siku ileile, kabla baraza halijaitwa, na hulipa kwa kitu kisichoandikwa popote: siku za kwenda baharini.

Nimezaliwa na kukulia pwani ya Tanga, katika nyumba ya baharia. Kwa miaka kadhaa sasa watu wa pwani yetu huniletea kazi ya kuwaandikia barua: za mikopo, za malalamiko, za kuuziana vyombo. Mashauri ya namna hii nimeyasikia mengi, na karibu yote huishia kwenye sentensi moja: ajali haina kinga. Mzee mmoja huisema, wengine huitikia, fatiha husomwa, watu hutawanyika. Mimi nina ugomvi na sentensi hiyo. Sisemi si kweli. Ninachokataa ni kazi inayofanyishwa, maana imegeuzwa kuwa hukumu.

Kwa msomaji anayekaa mbali na bahari, nieleze kazi yenyewe ilivyo. Mashua hupandishwa pwani wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji yanapojaa kupita kawaida. Yakitoka, mashua hubaki juu mchangani, ikatiwa magadi ubavuni isilale. Fundi huikwangua, huchoma mbao kwa makuti makavu kuwaua wadudu wanaozitoboa, hung'oa pamba iliyochoka kati ya ubao na ubao, kisha hukalafati upya kwa pamba iliyotiwa mafuta, akiigongelea kwa patasi na nyundo. Mwisho hupaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, halafu bamvua ijayo chombo hushushwa.

Tazama sasa ni mangapi yanaweza kwenda kombo. Gadi likiteleza, chombo huanguka na taruma huvunjika. Moto ukiachwa bila mtu, ubao unaokusudiwa kuponywa huteketea. Pamba ikigongwa ovyo, maji huingia siku ya kwanza baharini. Yote hayo hutokea mwenye chombo akiwa hayupo, au akiwa kivulini anatazama kazi asiyoijua. Magadi yamechaguliwa na fundi. Moto umewashwa na fundi. Anayejua kilichotokea ni fundi. Kumwambia mwenye chombo athibitishe kosa ni kumtaka aeleze ndoto aliyoiota mtu mwingine.

Kisha kuna hesabu ya mwezi. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni karibu siku 15. Kazi ikiikosa bamvua, chombo hakishuki, hata kama kilichobaki ni ubao mmoja. Ndiyo maana uzembe wa nusu saa hugeuka njaa ya nusu mwezi.

Mashua aliyokuwa akiifanyia kazi kaka yangu iliungua hivyo. Fundi, ambaye jina lake halina haja hapa, aliwasha makuti alasiri, upepo wa kusi ukiwa umekaza. Akamwachia moto mwanafunzi wake, mtoto asiyetimiza miaka 15, naye akaenda kuangalia kazi nyingine aliyokuwa ameipokea. Ubavu wa pili ulikuwa umeshatiwa pamba yenye mafuta. Mtoto alikuwa na ndoo moja, na maji yalikuwa yamekupwa, yako mbali. Mbao tatu karibu na tezi ziliteketea, na taruma mbili zikawa mkaa.

Baraza likakaa. Walikuwapo wazee, mwenyekiti wa mtaa, na mtu wa BMU. Mwenye mashua alidai alipwe. Fundi akasema upepo uligeuka ghafla. Mtoto hakuulizwa kitu. Hukumu ikawa hivi: fundi atoe kazi bure, mwenye mashua anunue mbao, mabaharia wavute subira. Watu waliisifu hukumu ile kwa busara yake, kwa kuwa kila mmoja amebeba kidogo.

Kila mmoja? Mbao zilichelewa, na fundi, ambaye sasa anafanya kazi bila malipo, alikuja siku alizojisikia. Mashua ilikosa bamvua tatu. Kwetu baharia hana mshahara. Zikishatolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, kinachobaki hugawanywa: kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya watu. Chombo kikiwa kwenye magadi, fungu la baharia ni sifuri. Mwenye mashua alikuwa na duka lake. Fundi alikuwa na kazi nyingine zinazolipwa. Mabaharia walikuwa sita. Kaka yangu aliuza baiskeli. Wawili walikwenda kukata mkonge. Waliobaki walikopa unga na mafuta ya taa, na walikopa katika duka la yuleyule mwenye mashua. Mashua iliposhuka, walivua miezi ya kwanza kulipa deni la siku ambazo hawakuvua kwa kosa lisilokuwa lao. Wawili walibishana juu ya hasara, wa tatu akailipa, na hata hakuitwa kwenye baraza kusema neno.

Wako watakaoniambia kwamba kumtoza fundi ni mambo mageni, ya mahakamani, hayafai kwa watu wanaozikana. Si mageni hata kidogo. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 1750 KK, aliyeunda chombo kikaharibika mwaka uleule kwa kazi yake mbovu alitakiwa akibomoe na kukiunda upya kwa mali yake mwenyewe. Ikiwa hayo yako mbali, tuje karibu. Wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na wazee hupenda kusema kwamba mali ya mtu mikononi mwa fundi ni amana, na mshika amana halipi ila akivuka mpaka. Rai hiyo ipo. Lakini hawaimalizii. Inapokewa kwamba Khalifa Ali aliwabebesha mafundi dhamana ya mali za watu, kwa hoja kwamba watu hawatengenei bila hivyo. Abu Hanifa aliiona mali hiyo kuwa amana, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimkhalifu: fundi anayepokea kazi za watu wote hulipa, isipokuwa kwa janga lisilozuilika, kama moto uliotapakaa mji. Na hata Abu Hanifa hakumsamehe fundi kwa kilichoharibiwa na kitendo chake mwenyewe, kama dobi anayeipiga nguo hadi ikachanika. Ama Shafii, mwanafunzi wake Rabii amepokea kwamba aliona fundi halipi pasipo kosa la mkono wake, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwachelea mafundi wabaya. Imamu mwenyewe aliinong'ona. Sisi tunaitangaza kwa kipaza sauti.

Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ya mwaka 1961, iliyofuata ile ya India ya 1872, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu makini angeitunza mali yake ya aina hiyo katika hali hiyo. Akifanya hivyo, halipi, ila kama walikubaliana vingine. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye mali aseme kasoro anazozijua. Sijaona baraza hata moja likiuliza swali hilo jepesi: je, fundi angemwachia mtoto moto huu, upepo huu, kama mashua ingekuwa yake?

Wenye meli kubwa hawakuwaambia watu wao wavute subira. Masharti ya bima ya meli yaliyotungwa London mwaka 1983 yanautaja uzembe wa mafundi wanaokarabati miongoni mwa mambo ambayo bima hulipia. Walijua kwamba meli hupata madhara hata ikiwa imelala kwa fundi, wakapanga mapema pesa itatoka wapi. Mashua ya kaka yangu haikuwa na bima. Kwa hiyo bima yake ilikuwa matumbo ya watu sita na watoto wao.

Najua nitakachojibiwa: fundi ni maskini, ukimtoza mbao tatu na taruma mbili umemfunga maisha. Hoja hii naiheshimu kwa sababu ina ukweli. Fundi wa vyombo hupatana bei ya jumla baada ya kubanwa mpaka basi. Mwenye chombo humkimbiza awahi bamvua, humnyima pesa ya magadi imara, humletea mbao mbichi, na humficha kwamba mkuku umeshaoza. Fundi akilipishwa kwa hayo, atakuwa amedhulumiwa. Mbao zikiwa mbichi kwa ubahili wa mwenye chombo, mwenye chombo alipe. Dhoruba ikija ikavunja vyombo vya pwani nzima, kila mtu alie na chake. Lakini moto aliouwasha mtu kwa mkono wake, akaupa kisogo, si dhoruba.

Tena, huruma kwa fundi maskini isiwe ya kukopa kwa baharia aliye maskini zaidi yake. Kama kumtoza fundi kutapandisha bei ya kazi, ipande. Bei ya leo ni rahisi kwa sababu kipande chake hulipwa na watu ambao hawakukaa kwenye mapatano. Bei kamili ya kutengeneza mashua ni pamoja na mlinzi wa moto, ndoo za kutosha, magadi manne mahali pa mawili, na akiba ya siku mbaya. Mwenye chombo ndiye mwenye fungu kubwa chombo kikirudi baharini, basi na ailipe bei hiyo kwa fundi, naye fundi akiishaipokea asiwe na kisingizio.

Ninayoyataka si makubwa. Kwanza, chombo kikipanda kwenye magadi, iandikwe karatasi moja ya Kiswahili, isainiwe mbele ya mashahidi: chombo kiko hali gani, kina kasoro zipi zinazojulikana, kazi ni ipi, kitashuka bamvua gani, na kuanzia saa gani kiko mikononi mwa fundi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili tunalisema kila siku tukiuza nazi, tukalisahau tukikabidhi chombo kizima.

Pili, kikiharibika, mwenye kueleza awe fundi. Aonyeshe alichokifanya kukilinda. Akionyesha, aachiwe. Asipoonyesha, alipe, hata kwa mafungu madogo ya mwaka mzima, na kazi ya bure ihesabiwe kwa siku zilizotajwa, si kwa siku za kujisikia.

Tatu, mabaharia waitwe kwenye baraza kama watu waliopata hasara. Kila siku inayozidi bamvua iliyoandikwa iwe na posho yao, itoke kwa yule aliyekutwa na kosa, awe fundi au mwenye chombo. Nina hakika posho hiyo ikianza kulipwa, mbao hazitachelewa tena na wala fundi hatatafutwa.

Nne, kila chombo kinachopanda pwani kichangie kidogo kwenye mfuko wa pwani hiyo, kwa ajili ya janga ambalo kweli halina mwenyewe. Tunachangishana kwa harusi, kwa msiba na kwa jezi za timu. Hatujashindwa kuchangishana. Tumeacha tu kwa sababu wanaolipa sasa hawalalamiki kwa sauti.

Najua karatasi haizimi moto, wala posho haizuii gadi kuteleza. Vyombo vitaendelea kuungua na kuanguka, na mafundi wazuri watakosea kama wanavyokosea madaktari wazuri. Lakini ajali ikishatokea, kinachobaki ni uamuzi, na uamuzi hufanywa na watu waliokaa kwenye mkeka, wenye majina na ndevu. Upepo haukuamua kwamba kaka yangu auze baiskeli. Siku karatasi hiyo itakapokuwapo, wazee wakisema ajali haina kinga, nitaitikia pamoja nao. Kisha nitaomba daftari lifunguliwe tusome nani analipa.